Kuonja Si Kunywa

Kama kuna mtu pale Luzira, Kampala, aliyekuwa na haki ya kujipiga kifua mbele ya walevi, basi alikuwa Acayo, mama yake Aol. Tangu aokoke, pombe haikuwahi kumpita kooni. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na alisema mara nyingi, hasa kwa watu ambao hawakumuuliza. Kwamba yeye ndiye aliyepika malwa, ile pombe nzito ya ulezi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka mtungi mmoja, na kwamba mtungi wake ndio uliowavuta askari jela wastaafu na wapakuzi wa mizigo wa bandari ya Port Bell kila jioni, hilo hakuliona kuwa na neno. Kwani muuza majeneza lazima afe kwanza? Mchungaji alipojaribu kumgusia jambo hilo alijibiwa hivyo hivyo, na hakurudia tena.

Wateja walimpenda kwa malwa yake na kumvumilia kwa mahubiri yake, maana viwili hivyo vilikuja pamoja. Wao walikaa kwenye mabenchi kuuzunguka mtungi, mirija midomoni. Yeye alisimama. Hakuwahi kukaa. Alipita nyuma ya migongo yao na birika la maji moto, akijaza mtungi kila ulipopungua, na kila alipoongeza maji aliongeza na neno: kwamba maini yao yamekwisha, kwamba watoto wao wanawaona, kwamba siku ya hukumu hakutakuwa na mrija wa kujifichia.

"Ameni," walijibu wanaume bila kutoa mirija midomoni, jambo ambalo si rahisi na linahitaji mazoezi.

Sasa, kwa watu wa kaskazini, aliyepika ndiye anayetangulia. Mtungi ukishawekwa katikati, mwenye nyumba anachovya mrija wake, anavuta, anameza, wote wanamwona, ndipo wageni nao wachovye yao. Ni kuwaonyesha kwamba hakuna kilichotiwa ndani. Kwenye vilabu vingi vya Kampala desturi hiyo imebaki adabu tu, mtu anagusa mrija kwa midomo, basi. Kwa Acayo haikuwa adabu tu, na sababu yake ilikuwa Obwona.

Obwona alikuwa mwanajeshi wa lile jeshi la serikali lililoshindwa mwaka wa themanini na sita. Alirudi kwao kwa miguu, akila alichopewa na watu asiowajua, na wenzake wawili walilala baada ya mlo mmoja wasiamke. Tangu hapo hakutia kitu kinywani kabla ya kumwona mwingine akikimeza. Chai ya harusini, maji ya msibani, hata dawa ya kikohozi, sharti mtu atangulie. Wala hakutazama mrija, maana mrija unaweza kudanganya. Alitazama koo. Alikaa mbele kabisa, mtu mzima mwenye mvi zake, macho yameganda kwenye shingo ya Acayo mpaka aone koo limepanda na kushuka.

Kwa hiyo Acayo alionja, na alionja kwa haki. Alifumba macho, akavuta taratibu, akaizungusha malwa mdomoni, akameza, akatulia kidogo kama mtu anayesikiliza hodi ya mbali, kisha akavuta tena ili kuhakikisha. Alipoongeza maji moto alionja aone kama imepwaya. Ikiwa haijapwaya alionja ajue ni kwa nini. Na hiyo ni jioni tu. Asubuhi alionja ulezi uliolazwa ili uchachuke, mchana akaonja mtungi wa kesho, na jirani aliyepika naye akimletea kikombe, angekataaje kumwambia mwenzake ukweli? Yote haya kwake yalikuwa kazi. "Mimi hapana kunywa," alisema, kwa Kiswahili kile cha kota za askari walichozungumza wote pale. "Mimi naonja tu."

Mume wake, Ochan, alikuwa askari jela mstaafu, mrefu, mwembamba, mwenye utani usiojua likizo. Yeye alikunywa kwa kiasi. Wote pale walikunywa kwa kiasi. Hajazaliwa bado mnywaji anayesema vinginevyo, na kiasi cha kila mmoja kilikuwa sawasawa na alichokunywa jana. Lakini chini ya mahubiri yote ya Acayo kulikuwa na hofu moja ya kweli. Kaka yake Ochan alifariki kule Kitgum kwa saratani ya utumbo. Alikuwa mcheshi kama Ochan, mpenda mtungi kama Ochan, na alikwenda hospitali wakati hospitali haikuwa na la kufanya tena. Acayo alimpenda mume wake kupita kiasi, ingawa angelikana hilo mbele ya baraza lolote, na kila alipomwona ameshika tumbo baada ya kula, moyo ulimruka.

Ndiyo maana Rehemah alipokuja alasiri moja na mfuko wake, Acayo alimpokea kana kwamba ameletwa na malaika. Rehemah alikuwa muuguzi wa zahanati ndogo ya pale mtaani, binti mpole wa hijabu, ambaye mtungi wa malwa haukumtisha wala kumvutia. Alitoa vikopo vidogo vya plastiki na kuvipanga mezani.

"Hii ni ya watu wote wenye kuvuka miaka arobaini na tano," alieleza. "Mtu anachukua choo kidogo tu, kama kichwa cha njiti ya kiberiti, anaweka ndani. Sisi tunapima kama kuna damu ile macho haioni. Ikiwa ipo, tunamtuma hospitali wamwangalie utumbo mapema, kabla mambo haijaharibika."

Ochan alikitazama kikopo, akamtazama Rehemah. "Binti yangu, mimi nilikuwa askari ya jela. Mimi napekua watu. Watu hapana kupekua mimi."

"Wewe Baba Aol, nyamaza!" Acayo alimvamia. "Ndugu yako alikufa na nini? Na hiyo malwa yako kila siku, matumbo yako nafikiri inabaki uzi tu. Chukua!"

"Malwa yangu? Nani napika?"

"Napika mimi, nakunywa wewe. Chukua kikopo."

Ochan alijikuna kidevu. Acayo aliijua hiyo dalili, mtu alikuwa anatafuta mlango wa kutokea. "Kale, sawa," akasema mwishowe. "Mimi nafanya kama wewe nafanya. Rehemah, mpe na yeye moja."

"Mimi?" Acayo alicheka kwa raha. "Tumbo yangu ni ya Yesu. Lete, binti yangu. Lete hata sasa hivi."

Kwa kuwa alimjua mume wake, alifunga uzi mwekundu kwenye kikopo chake kabla ya kukipeleka, ili pasitokee ujanja wa kubadilishana. Akavibeba vyote viwili yeye mwenyewe hadi zahanati, vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa cha mkate, akisalimia watu njiani kana kwamba amebeba mandazi.

Rehemah aliporudi na majibu aliomba waongee ndani. Acayo alielewa mara moja. Akamshika Ochan mkono, akatengeneza uso wa mke jasiri, na akaanza kumwambia kwamba Mungu yupo, kwamba siku hizi kuna dawa, kwamba hatamlaumu hata kidogo kwa yote aliyomwonya.

"Mama," alisema Rehemah, "Mzee ako sawa. Hakuna damu. Ni ya kwako."

Ile sura ya ujasiri ilibaki usoni pa Acayo bila kujua iende wapi. Kisha akauachia mkono wa mume wake. "Wewe nabadilisha vikopo!"

"Mimi!"

"Askari jela najua ujanja yote!"

"Mama, kikopo chenye uzi mwekundu," alisema Rehemah kwa upole, "ndicho chenye damu."

Acayo alidai wapime tena. Wakapima tena, kwa kikopo ambacho safari hii alikishika mkononi njia nzima, na jibu likawa lile lile. Alikuwa amejiandaa miaka mingi kumzika mume wake kwa sababu ya malwa, hakuwa amejiandaa kwa hili.

Hospitalini walipokewa na Daktari Hippolyte, Mkongo wa Bukavu, mtu wa miwani mizito na subira nyingi. Kiswahili chake na cha kota za Luzira havikulelewa nyumba moja, lakini vilielewana.

"Mama, pombe unakunywaka?"

"Hapana, daktari. Mimi mlokole."

Ochan alikohoa.

"Mzee anakohoa," alisema daktari.

"Mzee ana vumbi," alisema Acayo.

"Daktari, uliza yeye kama naonja," alisema Ochan, akitazama dari.

Ikabidi Acayo aeleze. Alieleza mtungi, akaeleza desturi, akaeleza na habari za Obwona na macho yake. Daktari alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akasogeza jagi la maji lililokuwa mezani, pamoja na vikombe vya plastiki. "Miye sikuhukumu, Mama. Nionyeshe tu. Asubuhi unaonjaka kiasi gani?"

Acayo akamimina tone. Ochan akakohoa. Acayo akaongeza kidogo.

"Na ya kutangulia, jioni?"

Akamimina. Ochan hakukohoa safari hii, aliinua nyusi tu, na Acayo akaongeza tena, kwa hasira.

"Na maji moto unaongezaka mara ngapi?"

Kikombe cha kwanza kilijaa kabla hawajamaliza maji moto. Cha pili kilipokea mtungi wa kesho. Walipofika kwenye kikombe cha jirani, jagi lilikuwa limepungua kweli, na Acayo aliketi akivitazama vile vikombe kana kwamba vimewekwa pale na adui.

"Hii yote ni mimi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kila siku?" aliuliza daktari.

"Jumapili hapana... Jumapili naonja ya Jumatatu tu."

Ochan alishindwa kujizuia. Alijipiga goti, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Banange! Miaka yote mimi nalala na mlevi, mimi hapana kujua!"

Daktari Hippolyte alingoja amalize. "Mama halewaka, njo maana hamkuona," alisema. "Lakini utumbo haujali kama mtu amelewa ao hapana. Pombe ikiingia, mwili unaigeuza kuwa kitu kikali, na kile kitu kinakwaruzaka ukuta wa utumbo. Ukuta unajitengeneza, unakwaruzwa tena, unajitengeneza, na siku moja unakosea. Mtu anayekunywa sana iko na hatari kubwa. Anayekunywa kidogo kila siku iko na hatari ndogo kuliko yule, lakini inashinda ya mtu asiyekunywa. Kwako siwezi kusema ni pombe. Pengine ni umri, pengine ni chakula, pengine ni bahati mbaya tu. Sasa tutaingiza mpira wenye kamera, tuone kama kuna kitu kimeota."

Ochan aliacha kucheka. Kaka yake naye alikuwa akicheka siku alipopelekwa hospitali. Alinyoosha mkono, akauchukua mkono wa Acayo uliokuwa bado umeshika jagi, na hakuuachia mpaka walipofika nyumbani.

Kabla ya mpira ilikuwepo dawa. Ilikuwa chumvichumvi ya kukoroga na maji mengi, ya kusafisha utumbo uwe mtupu, na yeyote aliyeipitia hatasahau. Kota walimoishi ilikuwa na choo kimoja kwa milango mingi. Acayo aliingia asubuhi, na kwa kusema kweli hakutoka, isipokuwa kwa ziara fupifupi. Ochan alisimama mlangoni kwa mkao wake wa kazi, mikono nyuma, kidevu juu.

"Hapana kupita," aliwaambia majirani. "Mfungwa iko ndani."

"Baba Aol, nakusikia!" alipiga kelele Acayo kutoka ndani.

"Mfungwa hapana kuongea na raia."

Na Acayo, katika dhiki yake yote, akicheka na kulia kwa pamoja, alimshukuru Mungu kwa mume mpumbavu.

Mpira ulipoingia kweli uliona kitu. Kinyama kidogo kilikuwa kimeota kwenye ukuta wa utumbo mpana, na daktari alikinyofoa hapo hapo, akasema kitapelekwa maabara kutazamwa kama ni saratani. Majibu yangechukua siku kadhaa. Wakarudi nyumbani kungoja.

Zile siku hazikuwa na mtungi. Acayo aliwaambia wateja kwamba kimea hakikuota vizuri, nao wakaondoka na mirija yao wakiwa wanyonge. Alikaa kitandani akiwaza mambo ambayo mtu huwaza: kwamba Ochan hajui chumvi inawekwa wapi, kwamba Aol yuko Gulu na mtoto mchanga na bado hajaambiwa, kwamba kwaya itamweka nani kwenye sauti ya kwanza. Aliogopa kufa. Aliogopa wazi wazi, bila mahubiri ya kujifunika.

Kilichomtisha zaidi ya yote kilikuwa Ochan. Ochan alikuwa amekuwa mwema. Aliamka mapema akachemsha chai, akafagia, akamuuliza tumbo linaendeleaje, na hakumtania hata mara moja. Mchana mmoja Acayo hakuweza kuvumilia tena.

"Baba Aol, nitanie basi."

Ochan alikuwa anachambua mchele mlangoni. Alinyanyua kichwa, akafikiri, akafungua mdomo. "Wewe mlevi..." alianza, na sauti ikamkatikia hapo hapo. Akainama tena kwenye ungo, na mabega yake yakawa yanatikisika. Acayo alitoka kitandani, akaketi karibu naye kizingitini, na wakachambua mchele wote wawili bila kuona mawe.

Majibu yalikuja mazuri. Kinyama hakikuwa saratani. Kilikuwa cha aina ile, alisema Daktari Hippolyte, ambayo ikiachwa miaka inaweza kugeuka. Kisingeuma, kisingepiga hodi. "Mumekuja mapema, Mama. Minafurahi sana. Baada ya miaka michache tutatazama tena. Kuhusu pombe, ikipungua ni vizuri, ikiisha ni vizuri zaidi, na kuonja ni kunywa." Kisha akamgeukia Ochan, ambaye tayari alikuwa amevimba kichwa kwa afya yake. "Na wewe Mzee, kikopo kimoja safi hakikupi ruhusa. Kaka yako alikufa na ugonjwa huu. Wewe pia nataka nikuone na ule mpira."

"Mimi nakunywa kwa kiasi, daktari."

Daktari Hippolyte alilisogeza jagi la maji kuelekea kwake. Ochan alilitazama jagi, akainuka, akasema wana haraka.

Njiani alimtania Acayo kuanzia lango la hospitali hadi Luzira, na Acayo alimtukana njia nzima kwa furaha.

Jumamosi hiyo mtungi ukawekwa katikati tena. Habari zilikuwa zimezagaa nusunusu, kama kawaida ya habari. Wengine walisikia Acayo amepasuliwa tumbo, wengine kwamba amehama kanisa. Wote walikuja. Walikaa kwenye mabenchi, mirija magotini, wakingoja. Obwona alikuwa mahali pake mbele, macho shingoni.

Acayo alisimama na mrija wake mkononi, na hapo ndipo ugumu ulipomfikia. Angeweza kuugusa tu kwa midomo, wote wangeridhika isipokuwa mmoja. Angeweza kuvuta kidogo, mara moja tu, kwa ajili ya amani, lakini hicho kidogo alikuwa amekwisha kukiona kikijaza vikombe mezani kwa daktari. Au angeweza kusema. Na kusema ndiko kulikomchoma, kwa kuwa miaka yote amesimama nyuma ya migongo yao kama mtu wa ngazi ya juu, na sasa angeshuka mbele ya wote.

Akauning'iniza mrija ukutani.

"Leo mimi hapana kuonja," alisema.

Obwona alipandisha macho kutoka shingoni hadi usoni, safari ambayo hakuwa ameizoea. "Kuna nini ndani?"

"Ndani kuna ulezi, kimea na maji. Shida hapana kuwa ndani ya mtungi, Obwona. Shida ilikuwa ndani ya mimi." Alijifuta mikono kwenye kitenge. "Miaka yote mimi naita nyinyi walevi. Daktari nauliza mimi naonja kiasi gani, mimi namimina, namimina, mpaka jagi yake nataka kuisha. Mimi nakunywa kila siku, kuliko wengine hapa. Nilikuwa naita kazi. Na kwa tumbo yangu kulikuwa kitu. Wametoa. Wamesema ingekaa, ingeniua."

Alimtazama Ochan akitarajia utani. Ochan alikuwa anamtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu ujana.

Acayo akaingia ndani, akarudi na mfuko aliouomba kwa Rehemah, akaanza kuvipanga vikopo kwenye kigoda kando ya mtungi. "Kila jioni mimi natangulia, nyinyi mnaona, mnajua hii kitu hapana kuua. Basi na hii mimi nimewaonjea. Kikopo, nimetangulia. Dawa ya kuendesha, nimetangulia, na choo yote ya kota ni shahidi. Mpira yenye kamera, nimetangulia. Nyinyi mnaniona. Niko hapa."

Wanaume waliangalia viatu vyao. Mmoja akaguna. Vikopo vilikaa pale kigodani, na kwa muda ilionekana vitakaa pale milele.

"Mpira pia?" aliuliza Obwona.

"Mpira pia."

"Wewe mwenyewe? Hapana mtu mwingine?"

"Afande," alisema Ochan, "mimi nilikuwa mlangoni. Nimeona naingia, nimeona natoka, natembea na miguu yake."

Obwona alifikiri. Alimtazama Acayo kuanzia nywele hadi kandambili, polepole, kama alivyokuwa akikitazama kila kitu kilichompita mdomoni tangu vita. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kikopo, akakinyanyua kwenye mwanga, akakinusa, akakitia mfuko wa koti na kufunga kifungo. Baada ya hapo mikono mingine ikafuata, kwa utani mwingi na miguno, mpaka kigoda kikabaki kitupu.

"Na malwa?" aliuliza mtu kwa unyonge. Mtungi ulikuwa bado haujaonjwa.

Wote wakamgeukia Obwona. Obwona akautazama mtungi, akamtazama Acayo.

"Kama Mama Aol nataka kuua mimi," alisema, "mahubiri yake ingeniua zamani."

Akachovya mrija wake, wa kwanza kabla ya yeyote, na akavuta. Safari hii wao ndio waliotazama koo, likipanda na kushuka. Kisha kicheko kikalipuka, na mirija ikaingia mtungini kutoka pande zote.

Acayo alishika birika kwa mazoea. Akaenda nyuma ya mgongo wa kwanza, akainama, akafungua kinywa alete neno, na kwa mara ya kwanza hakupata hata moja la kusema kutoka pale aliposimama. Akabaki hivyo, birika hewani, mvuke ukimpanda usoni.

Ochan alikuwa benchini na kikombe cha uji. Mrija wake ulikuwa bado unaning'inia ukutani, karibu na ule wa mke wake, na hakuna aliyekuwa amemwambia auache huko. Alisogea kando, akapapasa nafasi iliyobaki wazi.

"Kuja keti hapa, mlevi mwenzangu."

"Nani naongeza maji?"

"Wataongeza wenyewe. Ni watu wazima."

"Ikipwaya?"

"Ikipwaya watakunywa maji. Daktari atafurahi."

Acayo akalitazama lile benchi ambalo hakuwahi kulikalia tangu alinunue. Akaweka birika chini, akakusanya kitenge chake, akakaa, na Ochan akampa kikombe chake cha uji.

"Ameni," alisema Obwona, bila kutoa mrija mdomoni.